Nyumba yetu iko Chanika, tumepanga Ilala kwa ajili ya shule. Mzazi aifuate shule, au shule imfuate mtoto?

Wazazi wenzangu, naleta jambo ambalo limetugawa mimi na mume wangu, na naamini wako wengi walio nalo.

Tumejenga Chanika, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Nyumba imepauliwa, ina madirisha, umeme umeshaingia. Lakini hatukai huko. Tumepanga vyumba viwili Ilala, tunalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa sababu binti yetu yuko darasa la nne katika shule ya serikali huku mjini na hatutaki kumtoa. Kijana anayetulindia nyumba analala kwenye sebule kubwa kuliko vyumba vyetu vyote viwili.

Tuliwahi kuhamia, tukakaa muhula mmoja. Binti alikuwa na miaka minane. Anaamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja kasoro yuko kituoni. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na konda akiona sare anaweka mkono mlangoni: "Wanafunzi wawili tu!" Watoto kumi wanakimbilia nafasi mbili gizani. Asubuhi moja nilimsindikiza, nikamwona amelala huku amesimama, kashika bomba la siti, paji la uso limeegemea mgongo wa baba mmoja asiyemjua. Yule baba alijikaza asisogee mpaka Buguruni, Mungu ambariki. Wiki ile ile tukarudi Ilala.

Mume wangu anauliza, kwa nini tusimpeleke shule ya huko huko tulikojenga? Nilikwenda kuiona. Nilisimama mlangoni mwa darasa la tatu nikaanza kuhesabu watoto, nikaishia mia na kumi, na nyuma kulikuwa na wengine wamekaa sakafuni. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari palepale mlangoni kwa sababu hakuna njia ya kupita katikati ya madawati. Mwalimu yule simlaumu hata kidogo.

Hili halikuanza jana. Mkoloni aliligawa jiji hili: Oysterbay Wazungu, Upanga na katikati ya mji Wahindi, Kariakoo na Ilala Waafrika, na kila kundi na shule zake. Azania ilikuwa shule ya Wahindi, Tambaza ilikuwa ya Aga Khan. Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi shuleni ukafutwa, lakini majengo yalibaki pale pale, na sifa zikabaki nayo. Jiji likakimbilia Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Bunju. Sikatai kwamba kazi imefanyika: shule za kata zilijengwa, ada ikafutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima. Ila huku pembezoni viwanja vinauzwa kila siku, na kila kiwanja kinaleta familia. Wapima ardhi wanatangulia, madalali wanafuata, darasa linakuja mwisho kabisa.

Na madalali wanajua. Aliyetutafutia vyumba hakuanza na maji wala choo. Alisema, "Mama, shule ile unaiona ukiwa mlangoni." Kisha akataja kodi. Baraza la mitihani, NECTA, walipotangaza Januari 2023 kwamba hawatataja tena shule kumi bora, nilifurahi. Lakini matokeo ya kila shule bado yako mtandaoni, na sifa inatembea kwa mdomo.

Sifa yenyewe nayo tuitazame. Jirani yangu alikuwa na mtoto shule ya binafsi yenye jina. Kidato cha pili alikosa wastani wao, akaambiwa atafutiwe shule nyingine. Mwaka uliofuata shule ile ikasifiwa kwamba haina aliyefeli. Jina la namna hiyo linatokana na mchujo, na sisi tunalihesabu kuwa ni ufundishaji.

Sasa kuna wanaosema serikali za mitaa zikaze: mtoto aandikishwe kwenye mtaa anaoishi tu, barua ya mtendaji wa mtaa iwe na ukweli. Mimi nakataa. Mwenye hela atapanga karibu na shule, au atalipa shule binafsi na basi la njano litamfuata mlangoni. Atakayefungwa na mpaka ni yule wa Chanika asiye na ndugu mjini. Kwanza walimu na madarasa vifuate viwanja, ndipo mpaka uwe na haki. Nyinyi mnasemaje?

Mzazi, Mbagala

Dada, pole kwa binti. Lakini ulipoondoka naye uliondoka na sauti yako pia. Mimi niko kwenye kamati ya shule. Shule yetu ina watoto wengi mno, wanaingia kwa zamu mbili. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, wanakuja akina mama wa genge na mafundi wachache. Mhasibu, muuguzi, mwalimu mstaafu, wote wanaishi mtaa huu huu, lakini watoto wao wanapanda gari alfajiri kwenda mjini. Ni nani atasoma taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa ukutani akauliza swali?

Mwaka juzi tulikubaliana kuchangia uji kwa hiari, asiye nacho asisumbuliwe, maana kulazimisha kumekatazwa tangu ada ifutwe. Tulianza na sufuria moja. Watoto wa zamu ya asubuhi waliacha kusinzia saa nne. Hilo lilifanywa na wazazi waliobaki. Mngebaki wote, tungekuwa wapi?

Mwalimu wa shule ya msingi, mjini

Naongea kutoka upande mnaoukimbilia. Kwenye rejista yangu karibu kila mtoto anaishi jirani na shule. Ukiwauliza wenyewe watakwambia Kivule, Msongola, Chanika. Mwaka jana mtoto wa darasa la pili alipandwa na homa kali. Nikapiga namba iliyoandikwa. Akapokea shangazi aliyetoa anwani, na hakujua mtoto analala wapi siku hizi, kwa sababu wazazi walishahama mara mbili. Nilikaa na yule mtoto kituo cha afya mpaka saa moja usiku.

Na shule yangu inasifiwa kwa sehemu kubwa kwa kazi ya wazazi. Mzazi anayeweza kumhangaikia mtoto hivyo, huyo ndiye anayemkagulia madaftari usiku. Tukibadilishana wanafunzi na shule ya Chanika kwa mwaka mmoja, walimu tubaki pale pale, sina hakika kama jina letu lingesimama.

Shangazi, Magomeni

Mimi ndiye hao mashangazi mnaowataja. Nina watoto watatu wa ndugu zangu hapa, kwa sababu ya shule. Nawapenda, wanakula tunachokula. Lakini Jumapili jioni, mama yake akishaondoka, huyu wa miaka saba huingia chini ya kitanda hatoki mpaka nizime taa. Hilo dalali hakwambii.

Mtanzania aliyeko Uingereza

Dada yuko sahihi kukataa mipaka isikazwe. Huku shule ya serikali ikizidiwa na waombaji, mara nyingi umbali kutoka nyumbani ndio unaoamua, na nyumba zilizo jirani na shule nzuri bei yake ni juu. Halmashauri inaweza kumnyang'anya mtoto nafasi ikigundua anwani ya uongo. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba halmashauri ya Poole iliifuatilia familia moja kwa siri, kwa karibu wiki tatu, kujua kama kweli wanaishi walikosema. Walikuwa wanaishi pale. Mwaka 2010 baraza lililosikiliza malalamiko yao likaamua kwamba upelelezi ule ulikuwa kinyume cha sheria. Mkimkabidhi mtendaji kazi hiyo, mjue itaishia kwenye kugongewa mlango usiku.

Mleta mada

Kaka wa Mbagala, hilo la sauti limenikaa. Sijawahi kwenda mkutano wa wazazi Chanika hata mmoja, na nina nyumba pale, na kodi ya jengo nalipa. Nilikuwa nadai walimu waletwe huku mimi mwenyewe sipo wa kuwapokea. Lakini nakurudishia swali moja: sufuria ya uji wazazi wanaweza kuileta, darasa la watoto mia na kumi haliwezi kugawanywa na kamati. Hilo ni la TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, na halmashauri, na wanajua kila mwaka ni watoto wangapi wanafikisha umri wa kuanza.

Dada wa Magomeni, nimesoma ulichoandika mara mbili. Sisi pia tuliwahi kufikiria kumwacha binti kwa wifi yangu, sisi tuhamie kwetu. Hatutafanya hivyo.

Mtoto wetu mdogo wa kiume anaanza darasa la awali Januari. Mume wangu ameshachukua fomu ya Chanika, iko juu ya kabati, sijaijaza. Jumatatu nakwenda tena kule shuleni. Mwalimu, unanishauri niulize nini?

Mwalimu wa shule ya msingi, mjini

Mama, usianze na matokeo ya darasa la saba. Uliza darasa la awali linafundishwa na nani, na kama mwalimu huyo alisomea kufundisha wadogo. Uliza watoto wanaingia saa ngapi na wanatoka saa ngapi. Kisha omba uoneshwe daftari la mtoto yeyote aliyeanza mwaka huu, ukurasa wa Februari na ukurasa wa wiki iliyopita. Uyaweke mawili hayo pamoja, uangalie mwenyewe.