MJADALA: "Mali ikishauzwa hairudishwi" kwenye nguo za kike, hii ni haki kweli?

Binti wa Uyole
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi, naomba tulijadili, hasa dada zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe.
Jumamosi nimeingia Mwanjelwa kutafuta suruali nyeusi ya kitambaa ya kuvalia kazini. Nimezunguka maduka saba. La saba likanipa moyo, kibandiko kimeandikwa 14, nikauliza naweza kujaribu? Naambiwa vaa hapo hapo juu ya sketi dada, chumba hakuna. Nikavaa juu ya sketi nimesimama mlangoni, watu wanapita, kijana wa duka la jirani kakodoa macho, nikaona imepanda nikalipa 35,000 niondoke zangu. Nafika nyumbani navaa bila sketi: mapajani sawa, hipsi sawa kabisa, kiunoni nyuma imeachia ngumi inaingia na kutoka. Nikiinama kila kitu nje. Jumapili narudi nayo, hata kibandiko sijatoa, naoneshwa karatasi ukutani MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.
Swali langu ni hili. Duka halina pa kujaribia, namba ya kibandiko haina maana yoyote, halafu linakataa kupokea nguo ambayo haijavaliwa. Hiyo haki wanaitoa wapi? Mimi nasema wachague moja, watoe chumba au wapokee nguo.

Mama Kabwe
Nauza nguo za kike mwaka wa tisa huu kwa hiyo naongea ninachokijua. Kwanza huyo kijana wa jirani kukodoa macho nalo ni kosa la mwenye duka? Pili, mnajua fremu zilivyo? Yangu ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, kodi nalipa miezi sita mbele, hicho chumba nikiweke kichwani?
Na mnaosema "haijavaliwa" mnanichekesha na kuniumiza. Desemba mtu kachukua gauni kwangu Ijumaa, Jumatatu karudi eti halijamkaa. Gauni linanuka pilau na manukato, shingoni lina poda, pindo limebeba vumbi la ukumbi mzima. Nikamwonesha lile vumbi akanitukana mbele ya wateja. Ile karatasi ukutani mnatuandikisha nyie wenyewe.

Kaka Soweto
Dada zangu msichukie ila tuseme ukweli. Mama zetu walivaa gauni lolote na likawakaa. Siku hizi chipsi kila jioni, soda, kazi ya kukaa, halafu nguo ikigoma lawama kwa duka. Punguzeni mwili kidogo, matatizo mengine yataisha yenyewe.

Dada Tukuyu
@Kaka Soweto rudi usome. Kasema suruali IMEACHIA kiunoni. Imeachia, haijabana. Sasa apunguze nini, kiuno kizidi kuwa kidogo ndio ngumi mbili ziingie? Na hao mama zetu walikuwa wanashonewa, ndio maana nguo ziliwakaa. Mama yangu alikuwa na gauni tatu tu maisha yake yote ya ujana na zote fundi alimpima akiwa amesimama mbele yake. Usiwatumie mama zetu kutupigia sisi.

Kaka Soweto
Mimi nimeshauri tu kwa wema, sijatukana mtu.

Dada Tukuyu
Hakuna aliyekuomba ushauri wa mwili wake. Swali lilikuwa suruali.

Mwana Mlandege
Kamwene wote. Mnateseka bure. Huku Iringa nguo ya ofisini hatuhangaiki nayo dukani, tunanunua kitambaa tunapeleka kwa fundi, yameisha. Shida yenu Mbeya ni mafundi. Fundi wa Mbeya nguo ya mwanamke anaijua moja tu, ile ya kubana mpaka kwenye daladala ukae kwa ubavu.

Fundi Sokomatola
Nilikuwa nasoma kimya ila hapa nimeguswa. Dada wa Mlandege umetukosea sana. Mimi cherehani nimeanza nikiwa na miaka 16, nimelea watoto wanne kwa cherehani hiyo hiyo. Wateja kutoka Makambako wananiletea vitambaa. Anayetaka ya kubana ni mteja, anakuja na picha kwenye simu, "fundi nataka iwe hivi hivi", ukimwambia hutaweza kupanda gari anakuona mshamba.

Mwana Mlandege
Fundi sijakutaja wewe ila ukweli uko pale pale. Sendoff ya mdogo wangu ilifanyika Mbeya, tukashonewa huko huko sare za kitenge watu 12. Wanne zipu zilifunguka kabla keki haijakatwa. Shangazi yetu alikaa na mtandio mgongoni mpaka saa sita usiku, mtu mzima yule, hakucheza, hakwenda kutoa zawadi. Mpaka leo hajasahau na mimi sijasahau.

Fundi Sokomatola
Pole kwa shangazi, hilo limeniuma kweli. Ila niulize, huyo fundi alimpima shangazi au alitumiwa vipimo kwa simu? Na mlimpa muda gani? Sare 12 watu wanaleta Jumatano harusi Jumamosi. Na kitenge cha pamba kikifuliwa kinarudi, kama hakikulowekwa kabla ya kukatwa mnategemea nini?

Mwana Mlandege
Vipimo tulituma kwa simu ndio. Lakini fundi mzuri anaacha kitambaa ndani ya mshono ili akikosea aachie. Yule alikata mpaka mwisho, tukafungua ndani hamna hata nusu inchi. Hilo nalo ni kosa la simu?

Fundi Sokomatola
Hapo hapana, hapo umesema haki. Kukata hadi mwisho ni uchoyo wa kitambaa.

Binti wa Uyole
Jamani naomba turudi, hoja ilikuwa chumba cha kujaribia na kurudisha nguo.

Mzee wa Gangilonga
Suala la namba lina historia. Nilisoma zamani kidogo kwamba hizi saizi za wanawake zilitokana na vita, Wamarekani walipima wanajeshi wa kike halafu wakazisambaza dunia nzima. Kwa hiyo mnavaa vipimo vya jeshi.

Mwanafunzi Iyunga
Mzee wangu shikamoo. Hapo pamechanganyika kidogo. Waliopimwa ni raia, tena kazi iliendeshwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, mwaka 1939 mpaka 1940, wanawake karibu 15,000, ripoti ikatoka 1941. Na waliobakizwa kwenye hesabu ni wazungu tu, vipimo vya wanawake wengine vikawekwa pembeni. Viwango vya saizi vilivyotokana na kazi hiyo vilitoka 1958 na vikaondolewa rasmi 1983, kwa hiyo tangu hapo kila kampuni kule inajiandikia namba inayotaka. Ndio maana nguo ya Uingereza ikisema 12, Marekani ni kama 8, Ulaya kama 40, na nguo ni ile ile. Ya China ikisema XL inaweza kuwa M yako.

Mzee wa Gangilonga
Marahaba mwanangu. Nimesahihishwa. Ila hoja yangu imebaki, hawakuwapima bibi zenu.

Kaka Soweto
Si ndio hapo sasa, chanzo ni mitumba. Mngeacha kung'ang'ania mabelo ya wazungu tungekuwa na viwanda vyetu vya kushona saizi zetu. Si walisema itapigwa marufuku, ikawaje?

Mwanafunzi Iyunga
Marais wa Afrika Mashariki walikubaliana 2016 kwamba mitumba iondoke ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizi kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza kule bila ushuru. Rwanda ikakaza, 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Sisi, Kenya na Uganda tukalegeza.

Mama Kabwe
Suruali aliyonunua dada wa Uyole ni mpya, haikutoka kwenye belo. Mitumba imeingiaje hapa? Na mkae mkijua belo ndilo linalovalisha watoto wenu Juni na Julai.

Baridi ya Makete
Afadhali umetaja Juni. Nyie mnalia na suruali, njooni huku kwetu mtafute koti la kike. Asubuhi nyasi zimeganda nyeupe, unavaa sweta, juu yake koti. Koti la kike likikutosha mabegani kifua hakifungi, likifunga kifua mikono inakumeza. Halafu wauzaji wanakupima ukiwa na blauzi tu. Nimeishia kuvaa koti la kiume miaka mitatu, lina mifuko mirefu mikono inaingia mpaka kwenye kifundo, la kike mfuko hata simu haizami. Kwa nini wanawake tusipewe mifuko?

Dada Tukuyu
Mifuko!! Asante dada. Nina suruali ina mfuko wa kuchora tu, zipu imeshonwa juu ya kitambaa, ukivuta hakuna kitu ndani.

Mtaa wa Sheria
Nirudishe hoja. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na kuna Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Bidhaa ikiwa mbovu au hailingani na maelezo yake, karatasi ya ukutani haikuondolei haki yako. Lakini nguo nzima isiyo na kasoro, haijakukaa tu mwilini, hapo ni ngumu zaidi.

Mama Kabwe
Mmesikia? Nguo nzima isiyo na kasoro. Asante mwanasheria.

Binti wa Uyole
Mama Kabwe usikimbilie. Kasema pia "hailingani na maelezo yake". Maelezo niliyopewa ni 14. Nina suruali nyingine ya 14 nyumbani kiuno kinakaa. Nimezilaza kitandani moja juu ya nyingine, kiunoni zinapishana vidole viwili. Ipi ni 14 ya kweli?

Mtaa wa Sheria
Hapo una hoja, ila itategemea kama namba ya saizi inahesabika kuwa maelezo ya bidhaa. Mimi ningeijenga hivyo hivyo.

Mama Kabwe
Namba siandiki mimi, inakuja imeshonwa kutoka huko. Mimi nanunua dazeni Kariakoo imefungwa, sizifungui moja moja.

Fundi Sokomatola
Dada wa Uyole nikueleze kilichotokea. Mwanamke mwenye hipsi, chukua mfano kiuno 30 hipsi 42, tofauti inchi 12. Pima suruali nyingi za dukani utakuta tofauti ni tisa au kumi. Kwa hiyo ukitosha hipsi, kiuno kitaachia, hakuna namna, hata ujaribu kwenye chumba chenye vioo pande zote.
Inatengenezeka lakini. Unabandua kile kitanzi cha mkanda cha nyuma katikati, unafungua mkanda wa kiuno, unafumua mshono wa nyuma kushuka chini kama kiganja kimoja na nusu, halafu unaingiza ndani ukianza na kingi juu na kumalizia na kidogo kidogo chini mpaka ipotee. Fundi mvivu anavuta pale juu tu, matokeo yake mifuko ya nyuma inasogeleana kama macho ya bundi na nyuma panatokea pembe. Ikizidi inchi mbili usichukue zote nyuma, gawa na pembeni.

Dada Tukuyu
Fundi maelezo mazuri, lakini hapo kwenye kupima ndipo wengi tunapokimbilia dukani. Mwaka juzi fundi mmoja, simtaji, alinipima hipsi mara tatu. Mara ya tatu nikamuuliza namba ya mwanzo umeandika wapi? Hakuandika popote. Niliondoka na kitambaa changu na sijashona tena suruali mpaka leo. Watu wanasema "nenda kwa fundi" kama vile ni jambo jepesi.

Mwana Mlandege
Hili nakuunga mkono asilimia zote. Mafundi wa kike wa suruali ni wachache, wengi wanashona gauni na sare za shule.

Kaka Soweto
Sio mafundi wote wako hivyo, msiwachafue watu kazini.

Dada Tukuyu
Nimesema mmoja. Soma.

Fundi Sokomatola
Dada pole, huyo si fundi. Kwangu wanawake anawapima mke wangu, futi kamba anayo yeye, mimi naletewa karatasi. Nimefanya hivyo tangu binti yangu wa kwanza alivyokua nikajiuliza yeye nitampeleka kwa nani.

Binti wa Uyole
Nimeandikiana na fundi pembeni, leo mchana nimeipeleka. Mkewe kanipima, tofauti yangu ni inchi 13. Wameifumua mbele yangu, naambiwa 5,000. Kwa hiyo suruali ya 35,000 imefika 40,000 na nauli ya kurudi dukani Jumapili sijaiweka. Fundi nashukuru, ndaga sana. Lakini Mama Kabwe hujanijibu bado, siku ile mimi nilipaswa kuijaribia wapi?

Mama Kabwe
Nimekusoma. Futi kamba ninayo mezani, nikikupimia kiuno cha suruali kabla hujalipa nitakuwa nimekusaidia. Chumba sina.

Binti wa Uyole
Hata pazia la kitenge kwenye kona?

Mama Kabwe
Kwenye kona kuna mzigo wa jinsi. Ukiisha tutaona.

Fundi Sokomatola
Dada wa Uyole ukija Alhamisi njoo na viatu utakavyovalia kazini, pindo sijaligusa bado.