Naomba ushauri: kulinganisha wagonjwa wa ICU kabla na wakati wa korona

Habari zenu wakuu. Nalinganisha rejista ya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ya 2019 na ya 2020–2021, nimekwama. Upasuaji wa kupangwa uliposimamishwa, wale wa kulala usiku mmoja tu walitoweka. Wakabaki wa mapafu, wiki mbili kwenye ventileta (mashine ya kupumulia), wakilazwa kifudifudi saa 16 kwa siku. Vifo vimepanda, ila sehemu yake ni mchanganyiko wa wagonjwa tu uliobadilika. Nimerekebisha kwa APACHE II (alama za kupima ukali wa hali ya mgonjwa), nayo inapunja: yakifeli mapafu peke yake, alama hubaki chini hata mgonjwa akiwa hoi.

Je, niwaondoe wa upasuaji wa kupangwa miaka yote, au nichambue kila kundi kivyake? Na waliowekewa ventileta wodini kwa kukosa kitanda, niwahesabu kama wa ICU?