Naombeni mwongozo: hela ya kuandaa warsha ya hisabati inaombwaje?

kombinatoria_tu

Wakuu habari za humu. Mimi na wenzangu wawili tunataka kuandaa warsha ya kombinatoria (hisabati ya kuhesabu na kupanga vitu), siku 5, watu kama 40 hivi, nusu wawe wanafunzi wa uzamivu. Idara imesema ukumbi upo, projekta ipo, hela hakuna. Sasa kila nikisoma masharti ya wafadhili nachanganyikiwa, huyu analipia malazi tu, yule nauli tu, mwingine anataka uoneshe kwanza nani mwingine kashachangia, sasa huyo wa kwanza anapatikanaje jamani? Tuombe hela yote sehemu moja au tugawe? Andiko la kuombea hela tumeshaanza, ukurasa wa kwanza tumeelezea umuhimu wa hisabati kwenye maendeleo ya sayansi na teknolojia. Tunataka ifanyike baada ya miezi 7.

mzee_wa_lema

Miezi 7 ni michache mkuu, nakwambia mapema. Kwanza amueni kitu kimoja: mnapeleka watu kwa mfadhili au mnaleta hela kwenu? Maana kuna vituo vya utafiti wa hisabati, BIRS ya Banff kule Kanada, Oberwolfach ya Ujerumani (hii ipo toka 1944), CIRM ya Marseille Ufaransa, hao wana nyumba zao, ukikubaliwa mnaenda kwao, mnalala kwao na kula kwao. BIRS kwa mfano nauli kila mtu anajitafutia. Na foleni yao ni ndefu, unaomba leo kwa ajili ya mwaka ujao au hata wa mbele yake. Wanafaa kama mada yako imeiva na wakali wa eneo lenyewe wako tayari kuja. Kwa warsha ambayo nusu ni wanafunzi sioni kama ni pa kwenda.

Wa kuleta hela kwenu ni wengine. Kama mko nchi zinazoendelea, kuna CIMPA, shirika la kukuza hisabati nchi zinazoendelea, wako Nice Ufaransa toka 1978, wao ni wa shule za utafiti zaidi (mafunzo mafupi ya wanafunzi na watafiti wachanga), na wanataka waratibu wawili, mmoja wa hapo inapofanyika na mmoja wa nje. Kuna kamisheni ya nchi zinazoendelea ya IMU (umoja wa kimataifa wa hisabati), hawa wanachangia mikutano, nasema wanachangia, msitegemee wabebe yote. ICTP ya Trieste Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia chenye hisabati pia, nao waangalieni. Kama mko Marekani ni NSF, mfuko wa serikali wa sayansi, ila hapo anayeomba ni chuo chenyewe na ofisi yake ya ruzuku, hujitumii tu mwenyewe usiku. London Mathematical Society nao wanatoa ruzuku za mikutano inayofanyika Uingereza.

Ushauri wangu sogezeni mbele mwaka mzima.

Nadia_grafu

Mzee kamaliza upande wa wapi pa kuomba, mi niguse hilo andiko. Huo ukurasa wa kwanza futeni wote 😂 wanaosoma ni wanahisabati, hakuna wa kumshawishi hapo kwamba hisabati ni muhimu, mnamchosha tu kabla hajafika kwenye kazi. Anachotafuta ni kwa nini mada hii, kwa nini sasa hivi, na kwa nini watu hawa wakae chumba kimoja wakati Zoom ipo.

Mfano kama mnagusia njia ya polinomia (kutatua maswali ya kombinatoria kwa kutumia polinomia), anzeni hapo hapo: mwaka 2016 Croot, Lev na Pach walitoa hoja fupi, Ellenberg na Gijswijt wakaichukua wakaonesha kwamba seti isiyo na vitu vitatu tofauti vinavyofuatana kwa mwendo sawa ndani ya nafasi ya vekta yenye vipimo n, inayotumia namba 0, 1 na 2 tu, haiwezi kuzidi kama 2.756 kwa kipeo n, jambo lililosumbua watu miaka mingi. Halafu semeni nini bado kimekwama na nani kati ya wageni wenu anakishughulikia. Aya mbili tu hizo, msomaji kashakaa sawa. Kama warsha yenu haina swali la namna hiyo basi hiyo ni shule ya wanafunzi, iombeeni kama shule, wala si aibu.

kombinatoria_tu

Asante sana Nadia, tunafuta leo leo. Swali: wasemaji tumeandika "wanaotarajiwa", kuna anayesema lazima wawe wamethibitisha. Nitamthibitishaje mtu na hela sina?

bajeti_ya_epsiloni

Mwandikie ukweli. "Tunaomba ruzuku, tukipata tutakulipia malazi, je tarehe hizi zinakufaa, na tukikosa unaweza kuja kwa hela ya utafiti wako?" Wengi wanajibu ndani ya siku chache, na ukishapata majibu unaandika "amekubali endapo hela itapatikana", hiyo inakubalika kabisa. Orodha ya majina makubwa ambayo hayajaulizwa msomaji anaishtukia haraka, hasa akikuta na jina lake mwenyewe humo na hajawahi kupata imeili yoyote.

Bajeti sasa. Hela nyingi iende kwa washiriki, hasa wanafunzi na posdok (watafiti waliomaliza uzamivu karibuni), posho za waandaaji na mabegi yenye nembo yaondoeni. Huko NSF hela ya washiriki kwa kawaida chuo hakikati asilimia yake humo, na huihamishii kwingine bila kibali. Halafu gaweni kwa mafungu yanayosimama yenyewe, fungu la malazi ya wanafunzi mmoja, la nauli za wasemaji mwingine, uandike wazi nani ameombwa nini. Hapo lile swali lako la nani wa kwanza linapungua ukali, maana ukumbi wa idara ni mchango tayari, uwekeni kwenye jedwali.

Na ulizeni mapema kama hela inatangulia au inarudishwa kwa risiti. Kama ni ya risiti mwanafunzi hatakuwa na nauli ya kutanguliza, idara ikubali kukopesha, na ikubali kwa maandishi.

Kwa mzee_wa_lema: kusogeza mwaka mzima sikubaliani. Wafanye siku 3 kwa hela ndogo za idara na za chama chao cha hisabati, ripoti yake ndo waombee ile kubwa.

mzee_wa_lema

Siku 3 sawa, ila kwa wageni wanaohitaji viza waandaaji watoe barua za mwaliko wiki hii.