Chennai: nina siku nne, niende Mahabalipuram, Thanjavur au Madurai? (Ulinganisho)

MwanaTanga

Wakuu, habari za jioni. Nipo Chennai na mama tangu mwezi uliopita. Kafanyiwa upasuaji wa nyonga, namshukuru Mungu umekwenda vizuri, na tunatakiwa kurudi kliniki baada ya wiki mbili. Dada yangu kaja juzi kutoka Dar kunipokea zamu, kwa hiyo Jumatano hadi Jumamosi ni siku zangu.

Dirisha la chumba tulichopanga linatazama mnara wa hekalu la mtaani, umejaa masanamu ya rangi kutoka chini hadi juu. Alfajiri nasikia kitu kinalia kama zumari letu la pwani, pamoja na ngoma. Nimeishi wiki tano kati ya hospitali na duka la dawa. Sitaki nirudi nyumbani nikiulizwa India ikoje nianze kusimulia bei za vipimo.

Nimesoma nikabaki na njia tatu:
1. Nilale hapahapa Chennai, siku moja Mahabalipuram, siku ya pili Kanchipuram.
2. Treni hadi Thanjavur na Kumbakonam.
3. Madurai, na ikiwezekana Rameswaram.

Mimi ni Mkristo. Nitaruhusiwa kuingia? Na nikipigiwa simu kuhusu mama, nirudi upesi. Naomba kujuzwa na waliofika.

KijanaWaTrichy

Mkuu, pole na kuuguza, mama apone haraka. Mimi nimesoma miaka mitatu Tiruchirappalli, kwa kifupi Trichy, katikati ya mkoa huohuo wa Tamil Nadu, saa moja tu kutoka Thanjavur. Nakwambia bila kusita: namba 2.

Hekalu kubwa la Thanjavur, Brihadeeswara, lilikamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Mnara wake umepita mita 60, na jengo zima ni la matale, jiwe ambalo halichimbwi jirani na mji ule. Kila pande limeburutwa kutoka mbali. Na minara mingi ya kusini unayoiona imejaa rangi ni ya malangoni, patakatifu penyewe pamejificha ndani, padogo. Pale Thanjavur mambo ni kinyume: malango mafupi, mnara mkuu uko juu ya mungu Shiva mwenyewe.

Kitu ninachokipenda zaidi pale wageni wengi wanakipita. Inama uangalie kuta za chini kuzunguka hekalu. Zimeandikwa Kitamil mstari kwa mstari, nje kabisa: dhahabu iliyotolewa, mafuta ya taa, mifugo, na majina ya wanawake 400 waliokuwa wakicheza ngoma za hekaluni, kila mmoja na mtaa na nyumba aliyopewa. Daftari la ofisi lililochongwa kwenye jiwe. Nimesimama mbele ya zile herufi mara nyingi kuliko mbele ya sanamu yoyote.

Wapo watakaokuambia kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Si kweli. Nimekaa pale jioni nikakiona.

Panda treni ya usiku kituo cha Egmore, unafika alfajiri. Kuingia ni bure. Ua mzima ni wa kila mtu. Huko ndani kabisa fuata kibao na walinzi.

BabaNeema

KijanaWaTrichy kasema vizuri, lakini tusisahau ana mgonjwa. Mimi nilimuuguza mke wangu mji huohuo, na naijua ile hali ya kuwa mbali halafu simu ikalia. Mahabalipuram ni kama kilomita 60 kusini mwa Chennai, kwa barabara ya pwani. Ukiitwa, ndani ya saa mbili uko kando ya kitanda cha mama.

Wala usidhani ni chaguo la kujiliwaza. Wafalme wa Pallava walianza pale karne ya 7, kabla ya Chola kuwa na nguvu hizo. Kuna vihekalu vitano vinavyoitwa Ratha, na havikujengwa. Walichukua mwamba wakauchonga kuanzia juu kushuka, na baadhi wakaviacha bila kuvimaliza, kwa hiyo unaona kazi ilipoishia, utadhani fundi kaenda kunywa chai. Halafu hekalu la ufukweni, limekaa mbele ya bahari tangu mwanzoni mwa karne ya 8, chumvi imeilamba michoro hadi nyuso zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika.

Wageni tunalipa rupia 600, tiketi moja kwa Ratha na hekalu la ufukweni siku hiyohiyo, itunze. Mjini bado kuna wachonga mawe, utasikia patasi kabla hujaona karakana.

Asumini_wa_Mvita

Salaam, kaka MwanaTanga, na shifaa kwa mama. Naona kila mtu anahesabu miaka na mita. Mimi naja na pua.

Nilikwenda Madurai na marehemu mume wangu. Shuka kituoni jioni uelekee hekalu la Meenakshi. Kabla hujaliona utapokewa na asumini! Asumini wa Madurai anajulikana India nzima, amefungwa misururu, akina mama wanamchoma kwenye nywele vilevile tunavyovaa kikuba kwetu. Nilinunua msuko mmoja nikauvaa ndani ya buibui, mwuzaji akakataa pesa ya wa pili.

Hekalu lina minara 14 ya malangoni, wa kusini ndio mrefu kupita yote, kama mita 50, na masanamu hayahesabiki. Lakini mwenye mji ni Meenakshi, mungu wa kike, na mume ndiye anayemfuata. Kila usiku mume, Sundareswarar, anabebwa kwenye machela kwa zumari na ubani hadi chumba cha mkewe, na alfajiri anarudishwa. Kila usiku! Simu hairuhusiwi ndani, unaiacha dirishani pa kuwekea, kwa hiyo sina picha hata moja, na nakumbuka kila kitu.

Sisi wasio Wahindu hatuingii patakatifu, lakini unazunguka kumbi na ziwa la yungiyungi la dhahabu. Funika mabega na miguu.

MtotoWaKisutu

Wandugu, mimi ni Mhindu wa Dar, wazee wangu walitoka Gujarat. Kwetu hija ni Dwarka na Somnath, kusini nilikuwa sikujui hadi nilipompeleka bibi Rameswaram, ndiyo nadhiri yake ya miaka mingi. Naomba niseme jambo ambalo halijasemwa.

Mahujaji hawaendi kuangalia jengo. Wanakwenda kupata darshan, yaani kumwona Mungu na Mungu akuone. Bibi alisimama kwenye foleni muda wa saa tatu ili apate sekunde chache mbele ya taa. Rameswaram kuna visima 22 ndani ya hekalu, unapita kimoja baada ya kingine, mtu juu anavuta ndoo anakumwagia kichwani. Bibi alikuwa na miaka 78, sari imemganda mwilini, meno yanagongana, anacheka kama msichana. Baada ya hapo ukumbi mrefu wa nguzo, huoni mwisho wake, nyayo zote zimelowa.

Kwa hiyo Rameswaram kwa mtu asiyehiji, na mwenye siku nne, sishauri. Ni safari ndefu kupita Madurai halafu kilomita 170 nyingine, na kilicho kikubwa pale ni ibada ambayo hutaifanya. Iache.

Na kingine: mahekalu mengi yanayotumika hufungwa kuanzia kama saa 6 mchana hadi saa 10 jioni. Ukifika saa 7 utakutana na lango. Viatu unavua, na jiwe la mchana linaunguza kwelikweli. Beba soksi nene. Pendelea alfajiri.

MwanaTanga

Mmenifungua macho. MtotoWaKisutu, Rameswaram nimeifuta. Sasa roho inavutwa na Thanjavur lakini BabaNeema amenigusa pabaya, ile ya simu. Kanchipuram hakuna aliyeitaja?

KijanaWaTrichy

Kanchipuram nzuri, kilomita 70 na kitu kutoka Chennai. Nenda Kailasanathar, hekalu la Pallava la mwaka 700 hivi, la jiwe la mchanga, kimya, vijihekalu vidogo vimezunguka ua na ndani ya vingine bado kuna mabaki ya rangi za kale. Mjini watu wanakwenda kwa ajili ya hariri, na madalali wa sari watakufuata. Kama ni kuchagua kati yake na Mahabalipuram kwa siku moja, Mahabalipuram.

Kuhusu simu: kutoka Thanjavur hadi Chennai ni saa 6 au 7, treni zipo mchana na usiku. Usilale siku tatu. Nenda usiku mmoja, rudi usiku unaofuata. Asubuhi Brihadeeswara, mchana panda basi hadi Darasuram karibu na Kumbakonam, hekalu dogo la karne ya 12 lenye ukumbi uliochongwa kama gari la farasi, magurudumu na yote. Jirani yake ni Swamimalai, bado wanasubu sanamu za shaba kwa nta. Na beba pasipoti yenye viza, hoteli lazima iandikishe mgeni.

Asumini_wa_Mvita

Ukiwa Thanjavur na ukapata nafasi siku nyingine, mashariki pwani kuna Nagore, dargah, yaani ziara ya kaburi la walii Shahul Hamid, na kilomita chache kusini yake Velankanni, kanisa la Bikira Maria. Nilipofika Nagore nilikuta Wahindu wengi wakinyolewa watoto nywele kwa nadhiri. Kila mtu anakwenda kote. Mwambie mama, kama ni Mkatoliki atapenda kujua.

MwanaTanga *(Jumapili)*

Nimerudi, na nawiwa kuwaambia.

Nilikwenda Thanjavur Alhamisi, nikafika kabla ya jua. Nilikaa kwenye nyasi nikautazama mnara ukibadilika kutoka kijivu hadi rangi ya asali, sikuinuka karibu saa nzima. Halafu nikafanya alivyosema KijanaWaTrichy, nikainama kwenye kuta. Sijui Kitamil, nilifuata mstari mmoja kwa kidole hewani hadi pembeni, ukakunja kona na kuendelea. Majina ya watu. Nikawaza karani aliyeambiwa asisahau hata mmoja.

Familia iliyokaa karibu yangu ilifungua vyombo, mama wa makamo akaniwekea wali wa ukwaju kwenye jani bila kuniuliza kitu. Nikamwonyesha picha ya mama kwenye simu na ile fremu yake ya kutembelea. Akaishika simu, akaigusisha kwenye paji la uso wake.

Jana nilimpeleka mama San Thome hapahapa Chennai, kanisa lililojengwa juu ya kaburi la mtume Tomaso kwa mapokeo yao. Kashuka kwenye gari mwenyewe. Nilipomsimulia Velankanni kasema bado, miguu kwanza, lakini anataka kuona mawe ya baharini ya Mahabalipuram nikiwa naye. BabaNeema, kwa mtu asiyeweza kutembea sana, inawezekana?

BabaNeema

Inawezekana sana. Hekalu la ufukweni lina kinjia kirefu kutoka getini, hilo mwachie siku nyingine. Lakini ule mwamba mkubwa wenye michoro ya mto Ganga ukishuka duniani uko kando ya barabara, katikati ya mji, na hautaki tiketi. Nendeni asubuhi jua halijawa kali, dereva asimame mbele yake. Mama akae kitini, ateremshe kioo tu. Tembo wako upande wa kulia, na watoto wao chini ya miguu.