Mjadala: Anayeweka akiba ya chakula ndani kipindi cha siasa ana akili au anachochea taharuki?

Wadau, naomba hili tulijadili kwa utulivu maana kila likiguswa watu wanagawanyika na hakuna anaemsikiliza mwenzake. Wapo wanaosema ukinunua chakula cha akiba siasa zikichafuka unaeneza hofu, unapandisha bei, unamuumiza asie na hela, na kwamba huna imani na nchi yako. Wengine wanasema kila mtu na familia yake, mwenye nacho ajaze stoo, asie nacho shauri yake. Mimi sikubaliani na wote na nitaeleza, ila mniruhusu niwe mrefu kidogo.

Tukumbushane kwanza maana naona wengine wameshaanza kusahau. Oktoba 29, 2025, siku yenyewe ya uchaguzi mkuu, Dar ilichafuka, Mwanza, Arusha na Mbeya nako hivyo hivyo, watu wakafa, Dar ikatangazwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Sasa angalia maisha ya mjini yalivyo: hela iko kwenye simu, umeme wa LUKU tunanunua kwa simu, mtoto wa mkoani anatumiwa kwa simu, halafu ghafla wakala hajafungua na hata akifungua hana floti, mangi wa duka anataka keshi na wewe mfukoni una elfu mbili. Huku kwetu Mbagala duka lililothubutu kufungua lilikuwa linauza kupitia dirishani kwa muda mfupi linafunga, na foleni nzima inataka vitu vile vile, unga, sukari, mafuta, mkaa. Waliojaza friji nyama na samaki uniti zikawaishia, wakawa wanagawa kitoweo kwa majirani kabla hakijaharibika. Nimemuona mama mwenye mtoto mchanga anazunguka nyumba kwa nyumba anaomba sukari ya uji. Sasa mtu aniambie huyu mama angekuwa na kilo mbili za sukari na unga wa uji kabatini angekuwa mchochezi?

Halafu ikaja Desemba 9. Sherehe za Uhuru zikafutwa, watu wakaambiwa wabaki nyumbani, na sisi kwa sababu tulikuwa na kumbukumbu ya Oktoba tukakimbilia sokoni wote kwa pamoja siku mbili tatu kabla. Bei mtaani ilipaa, hilo siwezi kulikataa, wanaosema akiba inapandisha bei wanasema walichokiona. Ila hapo ndipo hoja yangu ilipo: kilichopandisha bei sio akiba, ni kununua akiba siku moja. Alienunua gunia mwezi wa saba, mahindi yanamwagika kutoka Rukwa, Ruvuma, Njombe na Iringa, hajamgusa mtu, tena Desemba hakuwepo kwenye foleni kabisa, yaani amekuachia wewe nafasi. Anaeumiza wengine ni yule anaeamka wiki ya mwisho na kubeba viroba vitano. Hawa wawili tunawaweka kapu moja na ndio maana mjadala hauendi.

Najua hofu ya wazee kwenye hili inatoka mbali na naiheshimu. Ambao mlikuwa watu wazima miaka ya 80 mnakumbuka baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 hali ilivyokuwa, foleni ya sabuni, foleni ya sukari, khanga kwa mgao. Mwaka 1983 Sokoine akiwa Waziri Mkuu ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakakamatwa kwa kuficha bidhaa na wengine wakawa wanatupa mali usiku kwa kuogopa kukutwa nayo. Kwa hiyo mzee akiona magunia ndani kwa kijana wake anashtuka, sio kwamba hana akili. Lakini shikamoo zenu wazee wangu, yule wa 1983 alikuwa anaficha bidhaa ili auze kwa bei ya kuumiza. Na aliyeficha sukari mwaka 2016 ni yule yule, na 2024 mwanzoni sukari ilipopotea hadi serikali ikaweka bei elekezi bado tulikuwa tunazungumzia bidhaa kwenye maghala, sio kabati la jikoni. Familia ya watu watano kuwa na chakula cha wiki mbili sio hujuma. Serikali yenyewe ina NFRA, wakala mzima kazi yake ni kununua nafaka za mavuno na kuziweka kwa ajili ya siku mbaya, na hakuna anaesema NFRA haina imani na nchi.

Na tuongee kiasi, maana watu wakisikia akiba wanadhani ni lori. Chukueni kipimo kinachotumika kwenye mgao wa kambi za wakimbizi, mtu mmoja kwa siku nafaka gramu 400, kunde au maharage gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5. Watu watano wiki mbili inakuja kilo 28 za nafaka, maharage kilo 4 na kidogo, mafuta kama lita 2, chumvi hata nusu kilo haifiki. Hiyo yote inaenea chini ya kitanda. Ongeza dagaa wakavu, sukari, majani ya chai, maji kwenye madumu, kiberiti, dawa za mgonjwa kama yupo, na keshi kidogo ya noti ndogo ndogo kwa sababu chenji nayo ilikuwa shida. Ndo hivyo tu.

Sasa hoja nzito kuliko zote, na hii sitaki tuipite juu juu: mtu anaeishi kwa kupima. Mafuta ya mia tano, unga nusu, sukari robo, hela ya leo inatoka kwenye kibarua cha leo. Ukimwambia huyu aweke akiba unamtukana. Nakubali. Lakini angalieni kitu tunachokifanya tayari, vikundi vya akina mama vinavyochangishana mwaka mzima ili Desemba wagawane mchele, mafuta na sukari za sikukuu, au wenzetu wa Idd. Anachanga mia tano, anachanga buku, mwisho wa mwaka anabeba kiroba. Mfumo tunao na uaminifu upo. Mimi nauliza kwa nini mzunguko ule usifunge mwezi wa saba badala ya wa kumi na mbili, hela ikanunue magunia wakati wa mavuno moja kwa moja kwa mkulima au kule Tandale sokoni kwa jumla, mgawane kwa kilo? Watu kumi wakinunua gunia kwa pamoja kila mmoja anapata kwa bei ambayo mwenye hela peke yake ndo huwa anaipata. Na mle ndani ya kikundi mnajuana nani ana mgonjwa, nani ana kichanga, sio mpaka siku ya matatizo mama azunguke kuomba.

Halafu kuna jambo halisemwi kabisa na linaniumiza, nalo ni kwamba akiba iliyohifadhiwa vibaya inaua. Sio maneno. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu, 20 wakafariki, chanzo mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Sumukuvu inatokana na fangasi kwenye mahindi au karanga ambazo hazikukauka vizuri, na kupika hakuiondoi, usijidanganye kwamba ukichemsha sana imekwisha. Kwa hiyo kabla hujaweka gunia ndani hakikisha yamekauka. Kuna kipimo hakihitaji mashine: chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi kama theluthi, tia kijiko cha chumvi kavu, funika, tikisa dakika mbili tatu, iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa rudisha mahindi juani, hayajafika. Ikibaki inateleza, weka. Na usianike chini kwenye udongo, tandika turubai.

Wadudu nao, dumuzi anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi kabla ya Krismasi. Mifuko isiyopitisha hewa inauzwa kwenye maduka ya pembejeo, na kwa maharage hata dumu la mafuta ya kula la lita 20 linatosha, lioshwe, likauke kabisa, ujaze hadi shingoni pasibaki nafasi ya hewa, kaza kifuniko na uzibe. Mdudu anakosa pumzi anafia humo humo bila dawa yoyote. Ila ukifungua kila siku kuchota umeharibu kazi, bora madumu madogo. Unga wa dona usiuweke muda mrefu, ule una kiini chenye mafuta unachacha mapema, sembe inakaa zaidi, na mahindi mazima yanakaa kuliko vyote. Tatizo la mahindi mazima ni mashine ya kusaga, siku kama zile za Oktoba itakuwa imefungwa, kwa hiyo uwe na sembe ya siku za kwanza, na mahindi ya makande. Na makande yanakula mkaa jamani, loweka usiku kucha.

Ninachoshangaa ni watu kutafuta elimu hii kwenye video za Marekani, wanaonyeshwa nyama na maharage yaliyofungwa kwenye chupa za vioo, mtu anakwenda kujaribu na sufuria ya kawaida. Tafadhali msifanye hivyo. Nyama, samaki, maharage na mboga visivyo na uchachu vinahitaji mtungi maalumu wa presha, kuna bakteria mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka tu, na sumu yake inapooza mwili mpaka pumzi, wala chakula sio lazima kinuke. Achari ya maembe au ndimu ya watu wa Tanga na Unguja hiyo sawa, ina chumvi na uchachu wa kutosha, imelisha watu miaka na miaka.

Na kwa nini tusiulize Usukumani na Unyamwezini? Michembe ile, viazi vitamu vimemenywa vikakatwa vikaanikwa vibichi, au matobolwa ambayo yanachemshwa kwanza ndipo yanakatwa na kuanikwa, yanakaa miezi na miezi hayajui friji wala LUKU. Nsansa, majani ya kunde makavu, unakuta bibi ana kapu limejaa kiangazi kizima. Matembele na mchicha vivyo hivyo, yatumbukize maji ya moto yenye chumvi dakika mbili, chuja, tandaza juu ya chekecheke kivulini penye upepo, sio kwenye jua kali maana jua linakula vitamini A nyingi. Yakivunjika mkononi kama karatasi, funga. Siku huna kitoweo yanapikwa na karanga za kusaga na hakuna mtoto atakaelala njaa.

Muhogo mkavu pia ni mzuri ila muhogo mchungu usiufupishie safari ya kuutoa sumu. Mwaka 1985 kule Tarime, kipindi cha ukame, watu kwa njaa walikatisha siku za kuuvundika na kuukausha, watoto na akina mama wakapooza miguu, ugonjwa unaitwa konzo na hauponi. Ndio maana nasema maandalizi yafanyike kipindi cha amani na shibe, ukiwa na haraka na hofu ndo unapofanya vitu vya hatari.

Sasa nimalizie na upande wa wakubwa maana isije ikaonekana mzigo wote ni wa mama wa nyumbani. Akiba zetu zisiwe sababu ya mamlaka kutojipanga. Ukitangaza watu wasitoke nje, sema siku hiyo hiyo saa ngapi sokoni kufunguliwe na magari ya chakula yapite njia gani. Ukizima intaneti, ujue umezima na LUKU ya mtu na hela ya dawa ya mzazi kijijini, hili kwangu ni kosa hata kama sababu ni usalama. Na kiongozi wa mtaa ajue kaya zisizo na kitu kabla, sio baada. Watu hawakukimbilia sokoni Desemba kwa sababu ya mchochezi yeyote, walikimbia kwa sababu Oktoba hakuna aliewaambia kitu.

Uwanja wenu. Wale mnaosema akiba ni uchochezi nijibuni moja tu: mlitaka yule mama mwenye kichanga afanye nini siku ile? Na mlioko Shinyanga, Tabora, Kahama, nipeni namna mnavyohifadhi michembe isiingie wadudu mkiwa kwenye joto na unyevu kama wa Dar, maana huku pwani ndipo penye shida na nataka kikundi chetu kianze msimu huu.