Nyumba tuliyopanga Ikuti imeuzwa, mnunuzi anatufukuza wakati kodi yetu inaishia Agosti

Wakuu, nawasalimu. Nina hasira, lakini nitaeleza jambo hili kwa utaratibu ili wenye ujuzi wa sheria wapate pa kushika.

Sisi ni wanafunzi wa chuo tuliopanga katika nyumba moja Ikuti, jijini Mbeya. Mwezi Machi kila mmoja wetu alilipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, chumba shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani shilingi 240,000, na kusaini mkataba unaoishia tarehe 31 Agosti, wenye sahihi ya mwenye nyumba na muhuri wa serikali ya mtaa. Fedha hizo hazikuokotwa. Wengine walijibana kwenye bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, na mwenzetu mmoja analipiwa na mama yake anayelima viazi Umalila, ambaye alilazimika kuuza kabla bei haijakaa sawa ili binti apate chumba karibu na chuo.

Mwezi Mei nyumba ikauzwa, na mwenye nyumba wa zamani hakutuambia neno. Tulipata habari siku mnunuzi alipokuja kugonga mlango mmoja baada ya mwingine akigawa karatasi inayotutaka tuhame ndani ya siku 7, akisema kwamba yeye hana mkataba na mtu yeyote humu ndani na kwamba kodi tukaidai kwa aliyeila. Alipoona hatutishiki alibadilisha maneno: anayetaka kubaki abaki, ila alipe upya, na kwa shilingi 70,000 kwa mwezi. Kumbe nyumba haihitaji kwa matumizi yake; anachotaka ni kodi ya pili juu ya kodi iliyokwisha kulipwa.

Mtu huyu hakununua nyumba gizani. Kabla ya kutoa fedha yake alipitishwa na dalali chumba kwa chumba, akaona vitanda, ndoo, mitungi ya gesi na madaftari yetu, na akauliza kila chumba kinaingiza kiasi gani. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, katika kifungu cha 88, inaweka ndani ya mkataba wa pango ahadi ya mpangishaji, hata kama haikuandikwa, kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake atakaa kwa utulivu katika muda wake wote bila kubughudhiwa na mpangishaji wala na mtu anayepata haki kupitia kwake. Sasa mnunuzi ni nani kama si mtu aliyepata haki kupitia kwa muuzaji? Kama alifichwa kwamba kodi imeshachukuliwa mpaka Agosti, hilo ni deni kati yao wawili, wakae wapige hesabu na kurudishiana. Mtu akinunua haisi, yaani basi dogo la abiria, ikiwa njiani kutoka Mbalizi kwenda Uyole, hawezi kuwashusha abiria Iyunga kwa madai kwamba nauli ilipokelewa na tajiri, yaani mmiliki, wa zamani.

Tulipokataa kulipa mara mbili, alimleta fundi akang'oa mlango wa bafu na wa choo, eti ukarabati umeanza. Ukarabati wenyewe haujasogea hata tofali moja. Hapa wanaishi pia wasichana, na katika baridi hii ya Juni ya Mbeya wanaoga nyuma ya khanga iliyofungwa kwenye misumari miwili, mmoja akioga na mwingine amesimama nje kulinda. Hiyo ni njia ya kumtoa mtu ndani ya nyumba bila kumgusa, na aliyeibuni anajua anachofanya.

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye muhuri wa ofisi yake umo katika mikataba yetu, ametuambia tumalizane kwa busara kwa kuwa mwenye mali ana haki na mali yake. Busara gani, mheshimiwa? Muhuri ule uligongwa kwa ajili gani basi?

Kodi mpya hatulipi, na kabla ya tarehe 31 Agosti hatuhami. Tunachohitaji kwa wanaofahamu ni majibu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata limebaki na kazi ya kupatanisha tu, na lina siku 30 kabla shauri halijaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika siku hizo 30 mnunuzi anaweza kung'oa na milango ya vyumba, tena tukiwa kwenye mitihani. Je, maombi ya zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha mnunuzi wakati shauri likisubiriwa, yanaweza kutangulia kufunguliwa Baraza la Wilaya wakati usuluhishi wa kata haujakamilika? Na je, wapangaji wote tunaweza kufungua maombi hayo kwa pamoja ilhali kila mmoja ana mkataba wake? Aliyewahi kupita njia hiyo hapa Mbeya atueleze pia kuhusu ada, maana kesho asubuhi tunataka kwenda.