Mpwa wangu anasahau nilichomtuma kabla hajafika dukani

Mjomba wa Mikindani:
Wanajamvi, shikamooni wakubwa. Naishi na mtoto wa dada yangu, yuko darasa la nne. Nikimtuma chumvi, kiberiti, na apitie kwa jirani kuchukua ndoo yetu, anarudi na kiberiti tu. Daftari la hisabati limejaa hesabu zilizoishia katikati. Lakini mpe wavu uliochanika: ataushona chini ya mwembe mpaka adhana ya magharibi, ukimwita hasikii. Nyumbani wanasema ni kiburi, achapwe. Mimi siwezi kumchapa kwa jambo nisilolielewa. Redioni nimesikia habari za ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia au kuelekeza umakini. Ndiyo inasahaulisha hivi?

Mwalimu Masasi:
Marahaba. Inaweza kabisa, kaka, na kiburi hakimo. Ipo kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika maneno wakati unayatumia. Hata mtu mzima hushika mambo machache tu kwa mara moja, manne hivi. Kwa wengi wenye ADHD mshiko huo ni dhaifu: bodaboda ikipiga honi njiani, chumvi imeshatoka kichwani. Hesabu ya kuazima ni hivyo hivyo, maana lazima akumbuke alichoazima huku anatoa. Wavu uko mbele ya macho yake, tundu lenyewe linamwonyesha pa kupitisha uzi, tena anaupenda. Umakini anao, kuuelekeza anakotakiwa ndiko kunakomshinda. Basi usimtume vitu vitatu kwa pumzi moja. Mwandikie karatasi, aende nayo mkononi.

Karani wa Tandahimba:
Mwalimu kasema kweli. Mimi ninayo hali hiyo na napima korosho ghalani. Kilo naziandika gunia likiwa bado juu ya mizani, na mtu akinisemesha namnyooshea kiganja asubiri. Wenzangu wameshazoea.

Nesi Lindi:
Msimpe mtoto jina la ugonjwa kabla hajaonwa. Dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane nyumbani na shuleni pia. Apimwe kwanza masikio na macho, na usingizi wake uulizwe. Kwa Mikindani, hospitali ya Ligula pale Mtwara ni karibu, ulizia huduma ya afya ya akili. Nenda na hayo madaftari.

Mjomba wa Mikindani:
Nimewaelewa, asanteni sana. Nitampeleka mwenyewe. Mwalimu, na darasani je? Kunakili ubaoni kunamchelewesha mno.

Mwalimu Masasi:
Akae mbele. Mwombe mwalimu wake asifute hatua za hesabu mpaka mtoto amalize.